Saburi ya watu wenye hasira

Somo: Yakobo 5:7-11



Katika jumuiya zetu tunasikia mara nyingi mtu akisema: "Fulani ana saburi, Mungu alimuumba vile. Mimi nilizaliwa na moto." Anayesema hivi amekwisha kujisamehe mapema. Kesho mtoto akimwaga bidoni ya maji yaliyotoka mbali, atapigwa. Kesho kutwa jirani akimpita kwenye mstari wa robine, matusi yatatoka. Na jioni atasema ni damu yake, watu wa nyumbani wamzoee tu. Nyumba nyingi zinaharibika hivyo. Mara chache ni jambo kubwa linalovunja ndoa au kutenganisha mandugu. Ni umeme uliokatika wakati wa kupika, ni karatasi ya ofisini inayoambiwa "rudi kesho" mara ya tano, ni neno la mama mkwe, ni mshahara uliochelewa, na mdomo ambao haukungoja.

Leo tutazame historia. Kanisa la kale limetuachia vitabu vitatu vinavyojulikana sana juu ya saburi, na vyote vitatu viliandikwa na Waafrika, kwa Kilatini, katika muda wa miaka kama 200. Afrika yao haikuwa hii yetu ya maziwa na misitu. Ilikuwa ile ya kaskazini, kando ya bahari, ambako leo ni Tunisia na Algeria, na wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Roma. Lakini walikuwa watu wa bara letu. Na ukisoma maisha yao utaona jambo ambalo wengi hawalitazamii: wa kwanza alijulikana kwa hasira, wa pili aliandika katikati ya ugomvi, na wa tatu alikuwa mtu aliyechoshwa na watu.

Wa kwanza ni Tertuliani, mtu wa Karthago. Mji huo ulikuwa mkubwa, bandari ya ngano na mafuta, wenye mahakama, michezo na kelele za kila namna. Kitabu chake aliandika yapata mwaka 200, siku ambazo Wakristo wa pale hawakuwa na usalama. Tarehe 7 mwezi wa tatu mwaka 203, Perpetua na Felisita, mama wawili vijana, waliuawa mjini humo mbele ya watu waliokuja kutazama kama wanaotazama mchezo. Tungefikiri mtu wa wakati kama ule ataandika juu ya mateso ya namna hiyo peke yake. Lakini Tertuliani anaandika pia juu ya mali iliyopotea, juu ya mtu anayekusema vibaya, juu ya kofi, juu ya kilio cha msiba, juu ya hamu ya kulipiza kisasi.

Tena anaanza kwa namna isiyo ya kawaida kwa mwalimu. Anakiri kwamba yeye hafai kufundisha jambo hili, kwa sababu saburi hana. Anajilinganisha na mgonjwa: mgonjwa hachoki kusifu afya kwa kuwa anaikosa, na kuizungumza kunampunguzia maumivu kidogo. Yeye naye anaungua na homa ya kukosa saburi, na anaiomba kwa Mungu kama mgonjwa anavyoomba kupona. Wanaojua vitabu vyake vingine hawashangai. Kalamu yake ilikuwa kama panga. Aliwapiga wapagani, akawapiga wazushi, hata maaskofu hawakupona. Baadaye akalichukia kanisa lenyewe kwa kuliona limelegea, akawafuata watu wa Montano waliokuwa na masharti makali zaidi. Kwa hiyo tunaweza kusema homa haikumtoka. Lakini kitabu kilibaki, na ni kizuri. Mgonjwa wa siku nyingi ana mambo anayoyajua kuliko daktari.

Fundisho lake lenye faida zaidi kwa siku zetu linahusu matusi. Tertuliani anauliza: mtu anayekuumiza anatafuta nini? Anatafuta uumie. Uchungu wako ndio mavuno yake. Alipanda tusi, sasa amesimama pembeni akingoja kuona uso wako ukibadilika. Uso ukikataa kubadilika, amekosa mavuno, na ni yeye anayerudi nyumbani mikono mitupu, hasara yake ikimuuma. Tertuliani haoni aibu kusema kwamba jambo hili lina utamu wake. Kuna watakaosema kufurahia hivyo hasara ya adui si roho ya Injili kamili, na mimi pia naona kidogo vile. Lakini kwa mtu anayeanza, mtu ambaye bado hawezi kumwombea aliyemtukana, hii ni ngazi ya kwanza. Mama anayeuza unga sokoni, ambaye jirani yake wa meza humchokoza kila asubuhi mbele ya wanunuzi, anaweza kuishika leo hii bila kungoja kuwa mtakatifu.

Jambo lingine ni la mali. Tertuliani anaona kwamba asiyeweza kupoteza kitu bila kupiga kelele hataweza pia kutoa. Mkono unaotetemeka kwa sababu franka 500 zimeanguka utatetemeka vilevile mbele ya maskini. Hasara ndogo ni kama shule: ndipo mkono unapojifunza kufunguka. Sikuwahi kusikia mahubiri ya sadaka yakianza na mkoba uliopotea sokoni, lakini labda ndipo yangepaswa kuanzia.

Halafu anafunua saburi ya uongo. Wakati wake walikuwepo watu waliovumilia dharau za matajiri kwa sababu ya chakula cha mezani kwao, na wengine waliovumilia wazee wasio na watoto kwa kutazamia urithi. Saburi hiyo tunaijua sana. Mtu anatukanwa na mkubwa wake wa kazi toka asubuhi, anajibu "ndiyo, patron" na kucheka kidogo. Jioni anafika nyumbani, sahani imechelewa dakika kumi, na nyumba nzima inatetemeka. Huyu asituambie alizaliwa na moto. Mchana kutwa moto wake aliufunika vizuri sana, kwa kuwa kulikuwa na faida. Saburi anayo, anaiuza mahali inaponunuliwa, na kwake bibi na watoto hawana cha kumlipa.

Na juu ya haya yote Tertuliani anamweka Mungu mwenyewe, anayewaangazia jua na kuwanyeshea mvua hata wale wanaokula matunda yake bila kumkumbuka. Anamweka Yesu, aliyekubali kungoja tumboni mwa mama yake, akakua polepole kama mtoto yeyote, akala meza moja na aliyemsaliti. Usiku wa kukamatwa, Petro alipompiga mtumishi kwa upanga, Tertuliani anaona kwamba kilichojeruhiwa ni saburi ya Bwana, na Bwana akaliponya sikio la mtu aliyekuja kumfunga. Hapa ndipo tunaelewa kwa nini mtu huyu mwenye homa hakukata tamaa kabisa. Alijua saburi haitoki katika damu ya mtu. Inatoka kwa Mungu, kwa hiyo inaweza kuombwa.

Miaka kama 50 ikapita. Karthago ikapata askofu Sipriani, aliyekuwa mwalimu wa ufasaha kabla ya kubatizwa. Inasimuliwa kwamba alisoma vitabu vya Tertuliani kila siku, na alipovitaka alimwambia tu karani wake amletee "mwalimu". Uaskofu wake ulikuwa wa miaka kama 10, na karibu yote ilikuwa ya taabu: mateso ya mfalme Dekio mwaka 250, ambapo yeye alijificha na kuliongoza kanisa kwa barua, wengine wakimlaumu kwa kujificha, kisha ugonjwa wa kuambukiza uliojaza maiti mjini, naye akawahimiza Wakristo kuwatunza hata wapagani waliokuwa wamewatesa, kisha ugomvi.

Ugomvi huo ndio unaotuhusu hapa, maana haukuwa kati ya Wakristo na adui zao. Ulikuwa ndani ya kanisa, kati ya Sipriani na Stefano, askofu wa Roma. Neno lilikuwa hili: mtu aliyebatizwa na wazushi akija kanisani, abatizwe tena au hapana? Sipriani na maaskofu wa Afrika walisema abatizwe. Stefano alisema hapana, awekewe mikono tu. Mwezi wa tisa mwaka 256, maaskofu zaidi ya 80 walikutana Karthago wakamuunga mkono Sipriani. Barua zikaenda na kurudi, na maneno yakawa makali pande zote mbili. Wajumbe wa Afrika walipofika Roma, Stefano hakutaka kuwaona, na inasemwa aliwakataza waamini hata kuwapa mahali pa kulala. Kila aliyewahi kukaa katika kamati ya parokia, au ya kwaya, anajua kuliko mimi ugomvi wa watu wanaosali pamoja unavyouma.

Basi mwaka huohuo 256, katikati ya moto huo, Sipriani akaandika kitabu juu ya faida ya saburi. Aliona mwenyewe kwamba watu wake wanakihitaji, na bila shaka yeye pia. Katika barua moja ya wakati ule anaeleza kwamba hataki kugombana na maaskofu wenzake kwa sababu ya wazushi, wala kuvunja ushirika na mtu anayefikiri tofauti. Na kweli hakuuvunja. Baadaye kanisa lilifuata fundisho la Stefano juu ya ubatizo. Kwa hiyo katika jambo lenyewe Sipriani alikosea. Lakini Augustino, aliyekuja miaka 150 baadaye, alimsifu kwa sababu hiyohiyo: alikosea juu ya ubatizo, lakini hakukosea juu ya upendo. Watu wengi walio na haki katika mabishano yao hawawezi kusema hivyo juu yao wenyewe.

Tarehe 14 mwezi wa tisa mwaka 258, Sipriani alikatwa kichwa nje ya Karthago. Kabla ya upanga aliagiza watu wake wampe muuaji sarafu 25 za dhahabu.

Sasa tufike kwa Augustino, na kwanza kwa mama yake, kwa sababu saburi ya nyumba hiyo aliianza mama. Monika aliishi Tagaste, mji mdogo wa bara, ambao leo uko Algeria na unaitwa Souk Ahras. Aliolewa na Patrisio, mtu asiye Mkristo, mwenye roho nzuri lakini mwepesi wa kuwaka, tena asiye mwaminifu katika ndoa. Mwana wao ameyaandika yote haya bila kuficha. Anasema Monika alikuwa na desturi moja: bwana akiwa na hasira, yeye hakujibu kwa neno wala kwa tendo. Alingoja. Hasira ikiisha, alimweleza alichofanya na kwa nini, kama aliona bwana alikasirika bila sababu. Tuangalie vizuri, kwa maana jambo hili hufundishwa nusu. Monika hakunyamaza milele. Alichagua saa. Neno lake lilisemwa, lakini lilisemwa wakati kulikuwa na sikio la kulisikia.

Na mama mkwe alikuwepo. Wajakazi wa nyumba walimpelekea maneno ya uongo juu ya mwali, naye akayaamini. Monika akaendelea kumheshimu na kumtumikia bila kuchoka, mpaka mama mkwe mwenyewe akaenda kwa mwanawe akawashtaki wajakazi waliokuwa wanaharibu amani ya nyumba. Patrisio akawapiga fimbo, na umbeya ukaisha. (Wale wajakazi walikuwa watumwa, na nyumba hiyo ya Kikristo nusu haikuona vibaya kuwachapa, tusiisome historia kama hadithi ya malaika.) Tena Monika alikuwa na kipaji ambacho kila mtaa unakihitaji: alipokuwa kati ya wanawake wawili waliogombana, alisikia maneno machungu ya huyu na ya yule, na hakupeleka kwa mwingine hata moja, isipokuwa lile linaloweza kupatanisha.

Hapa ninataka kusimama kidogo. Augustino anasimulia kwamba wake wengine wa Tagaste walikuja kwa Monika na alama za kipigo usoni, ingawa mabwana zao hawakuwa wakali kama Patrisio, naye akawashauri wafanye kama yeye. Wako mabwana wanaoipenda sana sehemu hii, na wako wazee wa kanisa wanaoitoa mara moja mama akija analia. Kuitumia hivyo ni dhambi. Augustino anaandika kwamba Patrisio hakuwahi kumpiga Monika. Hakuandika kwamba kupigwa ni wajibu wa mke Mkristo. Mama ambaye nyumbani kwake kuna hatari anahitaji mandugu, wazee wa jamaa na sheria, na aliye na kazi ya kujifunza saburi katika nyumba hiyo ni bwana. Patrisio mwenyewe aliijifunza akiwa amechelewa. Alibatizwa karibu na mwisho wa maisha yake.

Kwa mwana, Monika alingoja zaidi. Kijana mwenye akili, mwenye mwanamke asiyemuoa, aliyefuata dini ya Wamani kwa miaka kama tisa. Monika akamwendea askofu mmoja aliyewahi kulelewa katika dini hiyo, akimwomba azungumze na kijana. Askofu akakataa, akasema bado ana kichwa kigumu, aachwe, aombewe. Mama akazidi kusihi na kulia, mpaka askofu akachoka, akamwambia kwa kuudhika kidogo aende zake, haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Neno hilo linalorudiwa mpaka leo katika maombi ya akina mama lilitoka kwa mtumishi wa Mungu aliyekuwa anaishiwa na saburi! Monika akalipokea kama sauti ya mbinguni.

Mwaka 383 Augustino akamdanganya mama yake bandarini Karthago, akapanda chombo usiku kwenda Roma, akamwacha akisali. Monika akamfuata hadi Italia. Usiku wa Pasaka mwaka 387 kijana akabatizwa Milano na askofu Ambrosi, naye alikuwa na miaka 32. Miezi michache baadaye Monika akafa Ostia, wakiwa njiani kurudi Afrika. Alikuwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake.

Tungefikiri mtu aliyelelewa na mama huyo alipata amani baada ya kubatizwa. Hamu yake ilikuwa kuishi kimya na rafiki zake, kusali na kusoma. Mwaka 391 alikwenda Hippo, mji wa bandari, na watu wakamshika kanisani ili awe padri wao, naye akilia. Miaka michache baadaye akawa askofu. Na tangu siku ile hakuwa tena bwana wa saa zake.

Lazima tueleze kazi ya askofu wakati ule. Toka siku za mfalme Konstantino, watu waliruhusiwa kupeleka kesi zao kwa askofu badala ya hakimu. Askofu hakuwa na bei, tena alitazamiwa kuwa na haki, kwa hiyo watu walijaa mlangoni. Mipaka ya mashamba, deni, urithi wa mandugu wanaochukiana, mnyama aliyeingia shamba la mtu. Posidio, aliyekaa naye miaka mingi na kuandika maisha yake, anasema Augustino alisikiliza kesi mpaka saa ya kula, na siku nyingine mchana wote bila kula. Mtu aliyekuwa anaandika juu ya Utatu Mtakatifu alikaa asubuhi nzima kusikiliza watu wakidanganyana juu ya mbuzi! Alisema alipenda kuhukumu kati ya wageni kuliko kati ya rafiki: kati ya wageni wawili anaweza kupata rafiki mmoja, yule aliyeshinda, kati ya rafiki wawili lazima apoteze mmoja.

Hakujificha kwamba kazi hiyo ilimchosha. Katika kitabu chake juu ya kazi ya watawa, alichoandika yapata mwaka 400, anaungama kwamba angechagua zaidi kufanya kazi ya mikono kila siku kwa saa zilizopangwa, na saa nyingine za kusoma na kusali, kuliko kubeba fujo za kesi za watu wengine. Katika mahubiri mengine anawaeleza waamini mambo yanayompata anapokwenda kuwaombea watu kwa wakubwa wa serikali. Anangojeshwa nje mlangoni. Wanaostahili na wasiostahili wanaingia, yeye yuko tu pale. Anatangazwa, kwa shida anakubaliwa, anavumilia dharau, anasihi. Mara anapata, mara anarudi na huzuni. Na nyuma yake watu wanasema: askofu huyu anatafuta nini kwa mkubwa yule?

Ndugu msomaji, ulipongoja mara ya mwisho kwenye benchi ya ofisi, karatasi mkononi, ukiona wanaojuana wakipita, pale palikuwa pamekaa pia askofu wa Hippo, miaka 1600 kabla yako. Na tutambue alichokuwa anafanya pale. Angeweza kubaki nyumbani na vitabu na kujiita mtu wa saburi. Saburi yake ilikuwa kwenda tena, kwa ajili ya mtu aliyefungwa au mjane aliyenyang'anywa, akijua atadharauliwa.

Nyumbani kwake pia alikuwa na mipaka. Mezani aliandikisha maneno ya kukataza mtu yeyote kumsengenya asiyekuwepo. Siku moja maaskofu wenzake, tena rafiki zake wa karibu, wakala huku wakisema watu. Augustino akawakaripia vikali: ama maneno yale yafutwe juu ya meza, ama yeye ainuke aende chumbani kwake. Wapo watakaouliza, saburi yake ilikuwa wapi saa ile? Ilikuwa mahali pake. Alivumilia mengi yaliyomwumiza yeye. Hakuvumilia lile lililomwumiza mtu asiyekuwepo kujitetea.

Kitabu chake juu ya saburi kilitoka yapata mwaka 415, naye akiwa na miaka kama 20 ya kusikiliza kesi. Hapo anauliza swali ambalo sisi wa mashariki ya Kongo tunaweza kulielewa haraka. Je, kila anayevumilia ana saburi? Mnyang'anyi naye anavumilia. Analala porini, anakesha, anabeba baridi, njaa na kiu, ili awapore watu wasio na hatia. Ukihesabu taabu peke yake, mnyang'anyi anawashinda wamonaki wengi. Augustino anajibu kwamba taabu yenyewe haimfanyi mtu kuwa na saburi. Tutazame sababu yake. Anayevumilia kwa ajili ya uovu ana ugumu tu, na ugumu huo ni wa kushangaza, si wa kusifiwa. Na saburi ya kweli, anasema, ni zawadi ya Mungu, kama upendo unaoizaa. Anayejivuna kwamba ni nguvu yake mwenyewe atashindwa siku ambayo nguvu itaisha. Katika jambo hili yeye na mgonjwa wa Karthago wanakutana, ingawa miaka 200 iliwatenga.

Tarehe 26 mwezi wa tisa mwaka 426, Augustino aliwaita waamini wa Hippo kanisani. Alikuwa na miaka 71. Makarani waliandika kila neno, hata idadi ya mara ambazo watu walipiga kelele za kukubali, na karatasi hiyo tunayo mpaka leo. Alimtaja padri Eraklio awe askofu baada yake. Halafu akawakumbusha jambo la zamani. Maaskofu walikuwa wamempa kazi ya kuandika juu ya Maandiko, naye alikuwa amepatana na watu wa Hippo wamwachie siku tano za juma bila kumsumbua. Walikubali, wakapiga kelele za furaha, ikaandikwa. Wakalishika agano kwa muda mfupi, kisha wakalivunja kabisa: asubuhi hawakumwacha, alasiri hawakumwacha. Sasa akawaomba tena, kwa ajili ya Kristo, kesi zao wazipeleke kwa Eraklio. Watu wakakubali kwa sauti kubwa. Ukisoma maneno yake pale, hakuna ukali. Kuna mzee aliyechoka anayerudia ombi lilelile kwa watu walewale, akiwaita wapendwa.

Katika mwaka 430 jeshi la Wavandali, lililokuwa limeteketeza miji na makanisa ya nchi, likaizingira Hippo. Mji ukajaa wakimbizi, wakiwemo maaskofu waliopoteza majimbo yao. Katika mwezi wa tatu wa kuzingirwa Augustino akashikwa na homa. Akaomba Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, naye akazisoma akilia. Akaomba pia mtu yeyote asiingie chumbani, isipokuwa wakati waganga wanapokuja au chakula kinapoletwa. Safari hii watu walimsikia. Kwa siku kama kumi hakuna aliyegonga mlango na kesi. Alikufa tarehe 28 mwezi wa nane.